Bunduki ya Mgeni

Risasi ilikuwa moja, haijapigwa, na Noreen Brandvold alikuwa ameiokota kwenye theluji kwa koleo la jikoni, kwa kinyaa, kama mtu anayeokota panya. Aliilaza juu ya sahani, akaifunika bakuli, akawafungia watoto wake wawili chumba cha nyuma na katuni, kisha akawapigia polisi wa wilaya.

Mpelelezi Ardis Mattila alifika saa moja na nusu asubuhi. Alifunua bakuli akaitazama ile risasi bila kuigusa. Ilikuwa nene na fupi, ncha yake imeviringana, shaba imeanza kuwa nyeusi kwa uzee. Akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa na tarehe, akatoka nje kusoma theluji.

Theluji ilikuwa imekatika saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kila alama iliyokuwapo ilikuwa ya baada ya hapo. Nyayo za buti zilitoka msituni, zikaja moja kwa moja hadi nyuma ya banda la kuni, zikakoma. Pale, Noreen alipoiokota risasi, theluji ilikuwa imekanyagwakanyagwa. Mtu alikuwa amesimama nusu saa au zaidi, akibadilisha mguu kwa baridi. Halafu nyayo zikarudi zilikotoka. Ardis alizifuata mita mia tatu hadi kwenye njia ya msituni, na hapo zikapotea kati ya nyayo za nusu ya wilaya. Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, na kila mwanamume aliyeweza kutembea, na wanawake si haba, walikuwa porini na fulana za rangi ya chungwa tangu alfajiri.

Kutoka bandani hadi dirisha la jiko zilikuwa hatua ishirini na mbili. Alizihesabu mara mbili.

Noreen alikuwa akimngoja mlangoni, mikono kifuani. Walisoma darasa moja, wakacheza timu moja ya mpira wa wavu, na hawakuwahi kuzungukana kwa maneno.

"Kurt hana bunduki, sivyo?" akauliza, akimtaja mume aliyeachana naye. "Mlizichukua zote."

"Tulizichukua zote, Noreen. Saba. Mimi mwenyewe nilizihesabu."

"Basi huyu ni nani?"

"Inawezekana ni mwindaji amepotea," Ardis akasema. "Siku ya kwanza wanapotea wengi."

Hakuna neno la uongo hata moja katika hayo, na yote yalikuwa uongo. Mtu aliyepotea hasimami nusu saa akitazama dirisha la jiko. Hubisha mlango akaomba kahawa. Ardis alilijua hilo. Alijua na jingine, nalo lilikuwa kwenye droo ya meza yake ofisini, ukurasa mmoja uliokunjwa mara mbili.

Ukurasa huo ulikuwa umeingia Alhamisi saa tatu asubuhi. Ulitoka kwenye ofisi ya serikali kuu inayokagua wanunuzi wa silaha, na ulisema kwa lugha kavu kwamba Jumatano jioni Kurt Brandvold alijaribu kununua bunduki dukani kwa Lyle Zastrow, akajaza fomu, akajibu "hapana" palipoulizwa kama mahakama imemwekea zuio la kumkaribia mtu, na mashine ya ukaguzi ikamkataa. Taarifa kama hizo hutumwa kwa polisi wa mahali kwa sababu moja tu: mtu aliyekatazwa silaha na bado anaitafuta, si mtu wa kuachwa. Kanuni ya ofisi ilikuwa fupi. Siku hiyohiyo, nenda kwake na mwenzako. Siku hiyohiyo, mwarifu anayelindwa na zuio.

Lakini wilaya ya Tamarack ina mazoea yake. Wiki mbili kabla ya msimu, taarifa hizo humiminika, na tisa katika kumi ni za wazee waliokamatwa na bangi au kupigana baa miaka thelathini iliyopita, wakasahau. Hakuna anayependa gari la polisi lionekane uani kwake mwezi wa Novemba, majirani wote wakiwa barabarani. Kwa hiyo Ardis alikuwa ameanzisha utaratibu wake. Alipiga simu. Alisema kwa upole, mzee, mashine imekukataa, usijaribu tena, akaandika kwenye karatasi na kuifunga. Watu walimshukuru. Wengine walimletea soseji za kulungu ofisini. Alijiona anawasitiri watu, na kwa miaka minne hakuna aliyemwambia kwamba hiyo haikuwa kazi yake.

Na Kurt alikuwa amecheza hoki na kaka yake Ardis. Kurt ndiye aliyepanda kuezeka upya paa la baba yao. Kwenye simu alisema, asante Ardis, tafadhali usimwambie mtu, aibu hii itanimaliza. Naye akamwahidi.

Akiwa garini alimwita kwa redio Gordy, askari pekee mwenzake zamu ile, akamtuma kwenye chumba alichopanga Kurt. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Kitanda kimetandikwa, pikapu haipo, mwenye nyumba hajamwona tangu jana asubuhi.

Dukani kwa Zastrow hapakuwa na mtu. Siku ya kwanza ya msimu duka la bunduki hubaki kimya, maana kila mteja ameshakwenda. Lyle mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta akila donati, ndevu zimejaa sukari, na Ardis hakumpa nafasi ya kumkaribisha. Aliuweka mfuko wa ushahidi juu ya kioo, akamwambia kwamba mtu aliyekataliwa dukani kwake Jumatano ana risasi Jumamosi, na yeye angependa kujua ilipitia mlango gani wa nyuma.

Lyle aliifuta sukari taratibu.

"Afande," akasema, "mimi nimekuuzia buti zako za kwanza. Usiniingilie hivyo."

"Jibu swali."

"Nitajibu." Akatoa daftari lake, akalifungua Jumatano, akaligeuza limwelekee. Fomu ilikuwa pale, na jina, na saa aliyopiga simu ya ukaguzi, na neno alilojibiwa. "Alikasirika, akaomba nimpe hata ile ya mitumba pale ukutani. Nikamwonyesha mlango. Mimi nilifanya yangu. Wale wa kwenye simu wakaniambia nisiwe na wasiwasi, polisi wetu wataarifiwa." Akamtazama. "Kwani hamkuarifiwa?"

Ardis aliinamia daftari kana kwamba kuna kitu hajakisoma vizuri.

"Niambie habari za risasi," akasema.

Mzee Lyle aliinua mfuko kwenye mwanga. Alisema mara moja kwamba hiyo si ya bunduki yoyote aliyoitaka Kurt. Hiyo ni ya bunduki ya kizamani, ya kuvuta wenzo wa chini kabla ya kila risasi, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza kabla Ardis hajazaliwa. Anaagiza maboksi matatu kwa mwaka, si zaidi, kwa ajili ya wateja watatu. Mmoja alizikwa mwezi wa Machi. Wa pili alihamia Arizona kwa ajili ya mapafu yake, na bunduki akaenda nayo.

"Na wa tatu?"

Lyle akarudisha mfuko juu ya kioo, akausukuma kwa kidole mpaka ukafika karibu na mkono wake.

"Ardis, binti yangu," akasema, na safari hii hakumwita afande. "Wa tatu ni baba yako."

Kambi ya Eino Mattila ilikuwa kibanda cha magogo kilomita mbili na nusu nyuma ya nyumba ya Noreen, kwa mstari ulionyooka. Ardis alijua kila msumari wake. Zaidi ya yote aliijua misumari miwili iliyopigiliwa kando ya mlango kwa ndani, ambayo tangu enzi za babu yake ilibeba bunduki moja: bunduki ya mgeni. Mtu akifika kambini hana silaha, iwe ameiuza, imeharibika, au mke kaondoka nayo, haulizwi. Anapewa pasti ya nyama na viazi, anapewa kahawa, anapewa bunduki ya mgeni na risasi tano, anaonyeshwa dungu, jukwaa la juu la kukaa akivizia kulungu. Hakuna fomu, hakuna saini. Kumwuliza mtu kwa nini hana bunduki ilikuwa kama kumwuliza kwa nini hana chakula.

Misumari ilikuwa mitupu.

Baba yake alikuwa peke yake jikoni, akigeuza pasti kwenye jiko la kuni. Wenzake watatu walikuwa bado porini. Alimkaribisha kwa furaha, akamtania kwamba amekuja kula cha bure kama kawaida ya serikali.

"Baba, bunduki ya mgeni iko wapi?"

"Iko na mgeni. Kurt alikuja jana mchana. Maskini, amekonda. Kwani hukumwona njiani?"

"Ulimpa risasi ngapi?"

"Tano. Siku zote ni tano." Kisha akamtazama usoni, na mkono wenye mwiko ukashuka. "Kuna nini?"

Ardis akamwambia. Alimwambia yote kwa sentensi chache, zuio la mahakama tangu Agosti, bunduki saba zilizochukuliwa, fomu ya Jumatano. Zuio lilitolewa mji wa pili, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka kwa Kurt kimyakimya ili watu wasisengenye. Wilaya nzima ilijua Kurt na Noreen wameachana. Kwa nini wameachana, ilijua Noreen, na Kurt, na Ardis.

Mzee Eino alikaa kwenye benchi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Ungeniambia," akasema. "Ungeniambia tu, nisingempa."

Uso wa Ardis ulikuwa ukiwaka, na si kwa joto la jiko. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha maradhi ya mtu mwingine, kisha akampelekea baba yake ayalishe.

"Umemweka dungu gani?"

Baba yake alisema alitaka kumpa la kinamasini, ambako kulungu wanapita, lakini Kurt aliomba la mgongoni mwa kilima, juu kule. Yeye mzee alicheka, maana dungu lile halijatoa kulungu miaka kumi. Halina linachoonyesha ila barabara, na paa la nyumba, na ua.

Hakukuwa na haja ya kuuliza paa la nani. Ardis alitoka nje penye mtandao, akampigia Noreen, akamwambia awachukue watoto akae nao chini kwenye korido, mbali na madirisha, asifungue mpaka asikie sauti ya Gordy. Kisha akamwita Gordy kwa redio aende huko akiwasha taa zote. Askari wengine walikuwa mwendo wa dakika arobaini. Kupanda mgongo ule peke yake, juu ya theluji inayolia kwa kila hatua, kwenda kwa mtu aliyekaa mita nne juu na bunduki mapajani, ilikuwa ni kujipeleka kifoni.

"Anakula hapa?" akauliza aliporudi ndani.

"Jana alikula. Kwa nini asile?"

Walitazamana, baba na binti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakafikiri kitu kimoja. Kambini kuna desturi nyingine, kongwe kuliko ya bunduki. Msumeno wa zamani umening'inizwa nje ya mlango, na ukigongwa, kila mtu hushuka kula. Na hakuna anayevuka kizingiti na bunduki yenye risasi. Husimama kibarazani, huzitoa zote, huzitia kwenye kopo la kahawa pale kando, hutundika bunduki ukutani. Mtoto wa miaka kumi hulijua hilo. Asiyeshuka huulizwa, na Kurt hakutaka kuulizwa.

Ilikuwa saa tano tu. Eino alitoka akaugonga msumeno.

Wa kwanza alishuka baada ya dakika nane, akinung'unika kwamba ni mapema. Wa pili na wa tatu wakafuata pamoja. Eino aliwaelekeza kwa kichwa waingie saunani, kibanda cha kuogea mvuke kule nyuma, nao kwa kuuona uso wake hawakubisha. Kisha hapakuwa na mtu. Dakika kumi na tano zikapita. Ardis alisimama nyuma ya mlango, bastola mkononi ikitazama chini, akisikiliza pasti zikiungua. Dakika ishirini. Baba yake aligonga tena, akapaaza sauti kwa furaha ya uongo, "Kurt! Njoo kabla hawa walafi hawajamaliza!"

Sauti ya mzee haikutetemeka. Ardis alimwonea fahari, kisha akakumbuka ni nani aliyemfikisha baba yake hapo.

Buti zikalia kibarazani. Wenzo wa bunduki ukavutwa, na risasi ya kwanza ikaanguka kwenye kopo. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Bunduki ikagusa ukuta.

Ardis alitoka. "Mikono juu ya ukuta, Kurt. Usigeuke."

Hakupigana. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa baridi, na alipofungwa pingu alitazama kopo la kahawa, kana kwamba hapo ndipo alipokosea.

"Baba alikupa tano," Ardis akasema. "Umetoa nne."

"Moja nimeipoteza."

"Ninayo. Ulikuwa unafanya nini bandani kwa Noreen?"

"Nilifuata damu ya kulungu."

"Hakuna damu. Nimetembea njia yote. Ulisimama muda gani?"

Kurt akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mpaka alipowasha taa. Alikuwa anapaka mkate siagi. Nilikuwa naijaza bunduki, vidole vimekufa ganzi, moja ikaniponyoka."

"Kwa nini uliondoka?"

"Mtoto aliingia jikoni."

Mzee Eino alikwenda kusimama mwisho wa kibaraza, amewapa mgongo.

"Nilikukataza," Ardis akasema. "Alhamisi. Nilikuambia usijaribu tena."

Hapo Kurt akageuza kichwa, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulinikataza?" akasema. "Ardis, Alhamisi nilikaa sebuleni nimevaa viatu, nawangojea. Nilijua mashine itawaambia. Nikasema wakija, basi, nitawaambia kila kitu, wanipeleke popote. Kisha ukapiga simu. Ukaniuliza hali ya mama yangu." Akatikisa kichwa. "Ulipokata, nikajua hakuna anayekuja."

Askari kutoka mji wa pili walimchukua. Ardis aliandika namba ya bunduki, akazihesabu risasi nne mbele ya shahidi, akafunga mfuko, na mikono yake ilifanya kazi vizuri kama siku zote. Alipokuwa akiondoka alisikia nyundo. Baba yake alikuwa akiing'oa ile misumari miwili kando ya mlango. Mmoja ulitoka na kipande cha gogo. Hakumwangalia bintiye.

Alipitia ofisini kwanza. Alifungua droo, akachukua ule ukurasa.

Alipofika kwa Noreen, taa za jikoni zilikuwa zimeshawashwa. Sahani na bakuli vilikuwa bado mezani. Gordy aliaga, akawapitia watoto sebuleni na kuwachezea kofia yake, akaenda. Ardis alieleza kukamatwa kwa Kurt tangu mwanzo hadi mwisho, kwa utaratibu, na Noreen alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Noreen aliuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo, dukani. Lyle asingemsaliti, na mkuu wake kazini angefurahi. Ardis aliukunjua ule ukurasa, akauweka mezani. Juu kulikuwa na muhuri wa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Chini, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Nimempigia. Limekwisha.*

Noreen aliusoma. Aliusoma tena, midomo ikicheza.

"Alhamisi usiku niliosha vyombo hapo dirishani," akasema. "Ijumaa niliwaacha watoto wacheze nje mpaka jua likazama. Na leo asubuhi umesimama hapo, hapo hapo ulipo, ukaniambia ni mwindaji amepotea."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamsitiri nani?"

"Kurt," Ardis akasema. "Leo asubuhi nilikuwa najisitiri mimi."

Alitamani kuongeza kwamba anaomba radhi, lakini neno lilikuwa dogo sana, akalimeza. Aliona aibu mpaka masikioni, aibu ya mtu mzima anayeonekana alivyo na mtu anayemjua tangu utoto.

Noreen alivuta droo, akatoa daftari la shule la mwanawe na kalamu, akavisukuma mbele yake.

"Andika," akasema. "Ulichokijua ukanificha. Na siku, na saa. Halafu unisomee."

Ardis aliandika nusu ukurasa. Haikuchukua muda, maana mambo yenyewe hayakuwa mengi. Alipomaliza alianza kuusoma, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya watoto chumba cha pili.

"Sauti," Noreen akasema. "Humu ndani hakuna mtu wa kufichiwa tena."

Ardis akarudi mwanzo, akasoma kwa sauti. Sebuleni katuni ilizimwa, na watoto wakaja wakasimama mlangoni kusikiliza.